Mfuko wa Mawe Una Namba, Mtu Hana

Wandugu wafanya kazi wa migodi, na ninyi wote wenyeji wa mji,

Leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo dogo, dogo kama msumari uliopigwa katika ubao. Tunawaomba msiache kusoma kwa sababu ya udogo wake.

Sisi tunaoandika maneno haya tunafanya kazi ya ukarani katika mgodi. Kazi yetu ni kuhesabu. Mfuko ukitoka shimoni tunaupima, tunaandika uzito wake, tarehe yake na shimo lake. Wengi wenu mnakumbuka mpango wa lebo ulioanza mwaka 2012 katika mgodi wa Kalimbi, kule Nyabibwe katika Kalehe. Tangu hapo mfuko wa kasiterite ulifungwa mdomo kwa lebo ya plastiki yenye namba. Mgodini ulipewa namba ya kwanza, na kwa mnunuzi ukapewa namba ya pili, na zote mbili zikaandikwa katika daftari. Sababu yake tunaijua. Mwaka 2010 Marekani ilitoa sheria iliyozitaka kampuni kubwa za kule ziseme kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani wake, na kama biashara yake inalisha wenye bunduki. Basi watu wa mbali, ambao hawajapata kuona kilima kimoja cha Kalehe, walitaka kujua habari ya kila mfuko.

Hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa safi. Yamesemwa mengi juu ya lebo zilizofungwa kwenye mifuko isiyo yake. Lakini tulijifunza neno moja, nalo ni hili: inawezekana. Katika inchi hii hii, katika matope haya haya, pasipo umeme na pasipo barabara, kitu kinaweza kupewa namba kilimani na namba hiyo ikafuatwa mpaka ng'ambo ya bahari.

Sasa tuache mgodi kidogo, mteremke nasi mpaka ziwani.

Jioni moja tulikuwa na safari ya Goma. Tuliteremka toka Nyalukemba, tukafika gatini, tukalipa nauli. Aliyepokea fedha alitupa kipande cha karatasi kilichoandikwa kiasi cha nauli, basi. Hapakuwa na jina, wala namba, wala tarehe. Mbele yetu alikuwa mama mmoja, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Naye alipewa karatasi moja. Tukauliza, "Bwana, na hawa wadogo je?" Tukajibiwa, "Mtoto si abiria." Gile za kuokolea zilikuwapo, lakini zimefungwa kwa kamba juu chini ya paa, mahali ambapo mtu mzima hafiki ila apande juu ya benchi. Boti ikaondoka. Tulipopita rasi ya kwanza, injini ikapunguzwa, na mitumbwi miwili ikatoka gizani, ikaleta abiria wengine, na mifuko ya unga, na mbuzi. Hakuna aliyewahesabu. Sisi ambao kuhesabu ndiyo kazi yetu tulijaribu kuhesabu vichwa. Tulipofika 90 giza likatushinda.

Tulifika salama. Na kwa kuwa tulifika salama, tulisahau. Hilo ndilo kosa letu sote: mtu akishuka salama husahau jinsi alivyopanda.

Hatukukumbuka tena mpaka jirani yetu mmoja alipompoteza mdogo wake. Ilikuwa ajali ndogo ya boti ndogo, ambayo haikusemwa mbali. Kijana alitoka nyumbani asubuhi akisema anakwenda Idjwi kununua mananasi, na hakurudi. Jirani alikwenda gatini kuuliza. Mwenye boti akamjibu kwa upole kabisa, "Mzee, nakuhurumia. Lakini nani asema kwamba alipanda yangu? Nionyeshe." Jirani hakuwa na cha kuonyesha. Kilio hakikuwekwa, maana utamlilia vipi mtu ambaye labda yu hai? Mke wa kijana hakujua kama yeye ni mjane au ni mke aliyeachwa. Deni lake halikusamehewa, wala shamba lake halikugawanywa. Baada ya miezi watu wakaanza kusema kwamba amekimbia madeni. Hivyo alikufa mara mbili, mara ya pili katika vinywa vya watu.

Wandugu, hapo ndipo tulipofahamu. Orodha si karatasi ya kumpendeza mkubwa wa ofisi. Orodha ni ushahidi wa maskini. Mtu asiyehesabiwa akipanda, hahesabiwi akizama. Na asiyehesabiwa akizama, hakuna anayedaiwa kwa ajili yake.

Msidhani tunasema juu ya boti moja au mwenye boti mmoja. Tazameni miaka hii ya karibu. Mwezi wa Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe. Rais Tshisekedi mwenyewe alitangaza kwamba watu 150 hawajulikani walipo, na baadaye kukatolewa amri kwamba kila abiria avae gile. Hiyo 150 ilikuwa hesabu ya namna gani? Hatukusikia kwamba ilitoka katika kitabu cha safari. Kisha tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyoitwa Merdi ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku pale Goma, mbele ya macho ya watu waliokuja kuwapokea wageni wao. Ilikuwa imetoka Minova. Tangu mwanzo wa mwaka ule vita ilikuwa imekata barabara ya Minova na Goma, hata mama mwenye maharagwe yake hakuwa na njia nyingine ila ziwa. Mkuu wa jimbo letu la Kivu ya Kusini alitaja watu 278 waliokuwa ndani, na 78 waliokufa. Hesabu zilizotoka upande wa Goma hazikulingana na hiyo. Boti moja, siku moja, tena mchana, karibu na gati, na hata hivyo wakubwa hawakuweza kupatana juu ya idadi ya watu.

Wala si ziwa letu peke yake. Wenzetu wa Tanzania wameonja uchungu huu. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama katika ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Sikilizeni vizuri habari yake. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa, nao walikuwa 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa. Wale wenye nauli ndogo, wenye vikapu na ndizi, waliingia bila kuandikwa. Kwa hiyo mpaka leo hesabu ya waliokufa husemwa kwa kukisia tu: wengine 800 na zaidi, wengine karibu 1,000. Kati ya hesabu ile na hii mna watu wengi, na karibu wote ni wa daraja la tatu.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa lile lile. Kilitengenezwa kwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Kule karani alikuwako, na mashine ya kukatia tikiti ilikuwako. Lakini karani alikuwa ndani ya kivuko, na mashine ilikuwa mkononi mwake. Vyote vilizama pamoja na watu. Hapo tunapata fundisho la pili: orodha inayosafiri pamoja na abiria si orodha. Daftari libaki inchi kavu.

Labda mtu atasema, "Ziwa ni ziwa, na Mungu ndiye ajuaye hesabu." Hatubishani na Mungu. Lakini tazameni mahali pengine. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 meli iitwayo Estonia ilizama katika bahari ya Baltiki, kule kaskazini ya Ulaya. Ndani walikuwa watu 989. Waliokoka 137. Walikufa 852. Jumlisheni wenyewe: 137 na 852 ni 989. Hesabu inafunga, kama daftari safi linavyofunga mwisho wa mwezi. Maji ya Baltiki si mapole kuliko ya Kivu, na maiti wengi wa usiku ule hawakutolewa kamwe. Lakini kila mmoja anajulikana, na kila nyumba ilijua kama iwashe taa kumngojea mtu wake au iweke kilio.

Hata wao hawakuzaliwa wakijua kuhesabu. Walifunzwa na misiba. Mwaka 1998 nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa sheria: abiria wote wahesabiwe kabla meli haijaondoka, hesabu isipite kiasi kilichoruhusiwa, na safari ikiwa ndefu, majina yaandikwe na kuachwa kwa mtu wa inchi kavu. Basi ni sheria tu. Haihitaji akili nyingi kuliko za fundi wetu wa Kadutu.

Sasa tuseme jinsi jambo hili linavyoweza kufanyika hapa kwetu, kwa vitu tulivyo navyo, bila kungoja msaada wa mtu.

Katika migodi yenye mashimo marefu kuna desturi ya zamani, iliyozoewa na wachimbaji wa makaa kule Ulaya zaidi ya miaka mia. Mlangoni mwa shimo hutundikwa ubao wenye misumari. Kila mchimbaji ana vibati viwili vya namba moja. Akishuka, kimoja anakwenda nacho na kimoja anakitundika. Akipanda, anakitoa. Saa yoyote mkubwa wa kazi akitazama ubao anajua watu wangapi wako chini, na ni nani. Shimo likianguka, hakuna haja ya kuuliza wake zao. Ubao unasema.

Tunataka ubao huo uwekwe gatini. Hivi ndivyo utakavyofanya kazi.

Kwanza, boti iliyoruhusiwa kuchukua watu 80 iwe na ubao wenye misumari 80. Usiwe na 81. Ubao utundikwe nje, mahali ambapo mpagazi, mwuza mikate na abiria wote wanauona. Hesabu ya kificho si hesabu.

Pili, kwa kila msumari kuwe na gile moja, na gile iandikwe namba ile ile kwa rangi. Mtu akilipa nauli apewe gile yake na vibati viwili. Kimoja kifungwe kwenye gile, na kingine akitundike yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye msumari wa namba yake. Mtoto naye apewe gile ndogo, na kibati chake. Mtoto ni abiria. Anazama kama watu wazima, tena upesi zaidi.

Tatu, misumari ikijaa, boti imejaa. Hapo hapatakuwa na maneno, wala kubembeleza, wala mkono wa kupitishwa chini ya meza. Kibati kikikosekana gile imekosekana, na gile ikikosekana safari imekosekana. Na mtumbwi ukileta mtu nyuma ya rasi, mtu huyo hatakuwa na gile, na wenzake 80 watamwona kwamba hana.

Nne, boti ikiondoka, mtu wa inchi kavu apige simu Goma, au Idjwi, au Minova, aseme, "Zinakuja 80." Zikifika, gile zihesabiwe zikishuka, na jibu lirudi, "Zimeshuka 80." Kama wengine wameshuka njiani, vibati vyao vihesabiwe pale waliposhuka. Jibu likikosekana, au likipungua hata mmoja, watu waanze kutafuta usiku ule ule. Wasingoje siku tatu mpaka jamaa waje kulia.

Hesabu ya gharama tumeifanya. Vibati 160 hukatwa katika bati kuukuu la nyumba, au katika mikebe ya mafuta. Misumari 80, ubao mmoja, kopo dogo la rangi. Fundi mmoja na kijana wake hawatamaliza juma. Gile ndizo zenye bei, lakini gile ziliamriwa tangu mwaka 2019, na mwenye boti asiyezinunua anajua mwenyewe anangoja nini. Tena haki isemwe: ziko meli kubwa ambazo huandika majina na kuwavika watu gile. Tunazisifu. Tunachotaka ni kwamba desturi ya meli kubwa iwe desturi ya boti ya mwenye mananasi.

Tunajua maneno yatakayoletwa. Tuyajibu moja moja.

Vijana watasema, "Hii ni kazi ya kizamani. Siku hizi tuna simu, tunalipa kwa M-Pesa na Airtel Money, tufanye tikiti za simu." Wandugu vijana, hatuchukii simu. Mwaka 2025 benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango, simu ndiyo iliyowapitishia watu fedha zao. Anayeweza kulipa kwa simu na alipe, na namba yake ibaki kwa karani; ni vizuri. Lakini simu huzimika, umeme hukatika, mtandao hupotea katikati ya ziwa, na mama wa Kalehe mara nyingi hana simu. Kitu cha kuhesabia watu kimfae kwanza yule asiye na kitu. Ndiyo maana tunaanza na bati, kisha simu ije kulisaidia. Tukianza na simu, tutapata tena daraja la tatu lisiloandikwa.

Wazee watasema neno zito zaidi. Watasema, "Mwanangu, orodha zimetuua." Neno hili ni kweli, hatulidharau. Wakati wa Wabelgiji karani alikuja kijijini na daftari kuandika wanaume wenye nguvu, kwa ajili ya kodi na kazi ya lazima. Tangu hapo mji huu umebadilisha mikono mwaka 1996, mwaka 1998, mwaka 2004, na tena mwezi wa Februari 2025 walipoingia M23. Na kila aliyeingia aliweza kukuta daftari za aliyetoka. Ni nani atakayependa jina lake liachwe gatini? Tumelifikiri jambo hili usiku mwingi, na ndiyo sababu tunapendekeza namba bila jina. Kibati nambari 23 hakisemi kabila, wala kijiji, wala chama. Kinasema tu: hapa kuna mtu mmoja. Anayetaka anaweza kuacha kikaratasi kilichokunjwa nyuma ya kibati chake, chenye namba ya simu ya mtu wa nyumbani, na akishafika salama kikaratasi kichanwe. Asiyetaka asiache. Lakini hata huyo atahesabiwa, na ndugu yake aliyemsindikiza atamwambia mama yake, "Nilimwona akitundika 23." Neno hilo moja lingemtosha jirani yetu.

Wenye boti watasema, "Mnatuharibia biashara. Watu 80 hawalipi mafuta." Tunawajibu kwa heshima: kama watu 80 hawalipi mafuta, nauli ni ya uongo, na wanaolipa tofauti yake ni wale wanaozama. Tuambieni nauli ya kweli, tugombane juu yake mchana. Na boti iliyolala chini ya ziwa hairudishi hata gharama ya injini.

Liko neno la mwisho, na hili linatuuma sisi wenyewe. Ubao hauongezi boti. Siku misumari itakapojaa, kuna mama atakayebaki gatini na nyanya zake, na nyanya hazingoji. Atatukasirikia, na atakuwa na haki. Hatuna dawa ya siku ile ile. Tunasema hivi tu: karani aandike pia waliobaki. Leo kila mtu anasema "boti ni chache" na hakuna anayejua ni chache kiasi gani. Kama kila siku daftari litaonyesha kwamba walibaki 30, au 40, au 60, basi tutakuwa na neno la kumpelekea mwenye boti mwingine, au mkubwa yeyote mwenye kushughulika na safari za ziwa: "Tazama, hii ni safari ya pili, imejaa tayari, inangoja chombo tu." Watu wanaosongamana katika boti moja hawaonekani. Watu walioandikwa kwamba wamebaki wanaonekana.

Hatujasahau mizigo. Boti haizamishwi na vichwa peke yake. Mifuko ya saruji na ya unga nayo huzamisha. Kwa hilo pia dawa yake ni ya rangi tu. Uingereza ya zamani ilikuwa na wenye meli waliozijaza kupita kiasi. Alitokea mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, akapiga kelele miaka mingi, hata sheria ya mwaka 1876 ikaamuru kila meli ichorwe alama ubavuni. Baadaye ikaamuliwa na sheria alama hiyo ikae wapi. Maji yakifika kwenye alama, upakiaji unakwisha. Mpagazi asiyejua kusoma anaiona kama nahodha anavyoiona. Na sisi tuchore mstari mweupe ubavuni mwa kila boti ya Kivu. Ubao uhesabu watu, na mstari upime mzigo.

Mwaweza kuuliza, "Ninyi watu wa mgodi, ziwa linawahusu nini?" Linatuhusu kwa mambo mawili. Jambo la kwanza, hakuna mchimbaji asiye na mtu majini: mke anayeuza Goma, mtoto anayesoma Bukavu, baba aliye Idjwi. Jambo la pili ni la aibu, na hatutalificha. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilipokuwa imenyesha, mashimo ya dhahabu ya Detroit pale Kamituga yalianguka. Ilisemwa kwamba watu 50 na zaidi walikuwa chini. "Na zaidi." Mnasikia neno hilo? Hiyo ni hesabu ya ziwani imekuja mgodini. Kila gramu ya dhahabu hupimwa kwenye mizani midogo kwa kiberiti na kwa sarafu, hata punje haipotei. Lakini watu walioshuka kuitafuta waliitwa "50 na zaidi".

Nasi makarani, je? Tumeandika uzito wa mifuko miaka mingi, wala hatukuandika aliyeibeba. Tungekwendaje gatini kumhukumu mwenye boti, na mlangoni kwetu hakuna hata msumari mmoja? Tuliona haya. Basi kabla ya kuandika maneno haya tulikwenda kwa wenzetu wa shimoni, tukakaa nao, tukazungumza. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza kama ni kodi mpya. Mzee mmoja, aliyepoteza wana wawili katika mashimo mawili, hakuuliza kitu. Aliinuka akaenda kuleta nyundo.

Ubao wetu una misumari 46. Kila asubuhi vibati vinatundikwa, na jioni vinatolewa. Siku ya nne ya kazi kibati kimoja kilibaki, namba 31, na jua lilikuwa limekwisha kuzama. Zamani tungekwenda nyumbani. Siku ile tuliwasha taa tukashuka kutafuta. Mwenye 31 tulimkuta amelala katika pango la pembeni, amechoka, mzima wa afya, naye alitukasirikia kwa kumwamsha. Tulicheka sana tukipanda. Lakini wote tulijua tumecheka kwa sababu gani.

Wandugu wa mjini, ninyi mnaopanda boti juma hili, ulizeni maneno matatu kabla ya kutoa nauli. Boti hii imeruhusiwa watu wangapi? Sasa tumekwisha kuwa wangapi? Na nani, inchi kavu, anayejua? Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni kwa sauti, ili wa nyuma nao wasikie. Akiuliza mtu mmoja, ataambiwa ni mkorofi. Wakiuliza watu ishirini, mwenye boti atatafuta ubao.

Na fundi yeyote anayetaka kujua jinsi vibati vinavyokatwa na kuandikwa, aje atuone baada ya saa za kazi. Bati kuukuu tunalo.

Karani wa Mgodi,
Nyalukemba